Arifa za apdeti kwenye Windows: jinsi ya kuzinyamazisha, na ipi usiibonyeze kabisa

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja na laptopu yake dukani kwangu, steshenari ndogo jirani na stendi ya Msamvu hapa Morogoro. Nilimwamkia, akaitika, akaiweka mezani. "Mwanangu, mashine hii imenishinda. Nikianza kuingiza maksi za watoto inaniambia apdeti. Nikiikubalia, bando linakwisha kabla ya maksi."

Niliiwasha nikamwomba tuitazame tu kwa dakika kumi bila kugusa kitu. Zikachomoza arifa tatu, zote kwenye kona ya chini kulia. Ya kwanza ilitoka kwa Windows yenyewe, ikidai kompyuta iwashwe upya. Ya pili ilitoka kwa Java, programu ambayo baadhi ya programu nyingine huitegemea ili zifanye kazi. Ya tatu ilikuwa na ngao nyekundu na maneno kwamba ulinzi wa kompyuta umekwisha muda na virusi vitano vimeonekana. Mwalimu alikuwa akizifunga zote kwa alama ya X, siku baada ya siku, kwa miezi.

Arifa hizo tatu si ndugu. Moja ni ya kupangiwa muda, moja ni ya kuzimwa, na moja ni ya kitapeli. Naandika hapa kwa mpangilio tuliofuata siku ile, kwa sababu ukikimbilia kuzima kabla ya kujua nani anakuita, unaweza kuizima ya maana ukaiacha ya mwizi.

Mjue kwanza anayekuita

Arifa ikichomoza, usiifunge. Isogezee mshale wa mausi bila kubofya, kisha soma maandishi madogo, yale ambayo jicho huyaruka. Windows huandika jina la aliyetuma. Ikiwa ni "Windows Update", hiyo ni ya mfumo wenyewe. Ikiwa ni jina la programu uliyoiweka, kama Java au VLC, ni ya programu hiyo. Lakini ukiona "Google Chrome" au "Microsoft Edge", na karibu yake anuani ya tovuti, basi aliyekuita ni tovuti uliyowahi kuipitia na kuipa ruhusa bila kujua. Hata kama ina picha ya ngao, hata kama imetaja jina la antivirus kubwa unayoifahamu, ni tovuti tu.

Arifa ikipotea kabla hujaisoma, shika kitufe cha Windows pamoja na herufi N ukiwa kwenye Windows 11, au herufi A ukiwa kwenye Windows 10. Orodha ya arifa zilizopita itafunguka upande wa kulia.

Kwa mwalimu, chini ya ile ngao nyekundu palikuwa na anuani ndefu isiyosomeka, herufi na namba zimechanganyika. Nilipomwuliza kama aliwahi kubonyeza "Allow" mahali, akakumbuka: alikuwa akitafuta mitihani ya miaka iliyopita, ukurasa ukamwambia abonyeze "Allow" kuthibitisha kwamba yeye si roboti. Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Tovuti za kutazama mpira na za kupakua filamu hutumia mtego huohuo.

Ya kitapeli: iondoe leo

Hii haihitaji antivirus wala kupiga Windows upya, ingawa nimeona watu wakitozwa hela kwa yote mawili. Ni ruhusa tu ya kufuta.

1. Fungua Chrome. Pale juu panapoandikwa anuani, andika chrome://settings/content/notifications kisha Enter. Kama unatumia Edge, andika edge://settings/content/notifications.
2. Shuka hadi kwenye orodha ya tovuti zilizoruhusiwa kutuma arifa. Kwenye Chrome kichwa chake ni "Allowed to send notifications".
3. Kila tovuti usiyoijua, bofya nukta tatu zilizo mbele ya jina lake, uchague "Block". Kuna pia "Remove", lakini ukiiondoa tu inaweza kukuomba ruhusa tena siku ukipita kwake. Ukiizuia, imezuiwa.
4. Kwenye ukurasa huohuo, juu, chagua tovuti zisiruhusiwe kutuma arifa. Zile unazozihitaji kweli, kama WhatsApp Web, ziache kwenye orodha ya zilizoruhusiwa.

Kwenye laptopu ya mwalimu tulikuta tovuti kumi na moja. Tulizizuia zote, na ile ngao haikuonekana tena.

Utapeli huu una kaka yake mkubwa: skrini nzima inajaa onyo, sauti inalia, na kuna namba ya simu ya "fundi wa Microsoft". Usipige. Microsoft wenyewe wamesema wazi kwamba maonyo yao hayawekwi namba ya simu. Shikilia kitufe cha Esc kwa sekunde kadhaa ili ukurasa utoke kwenye skrini nzima, kisha funga brauza, yaani hiyo Chrome au Edge. Ikikataa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tafuta jina la brauza kwenye orodha inayofunguka, ibofye, halafu "End task". Ukiifungua tena, itakuuliza kama irudishe kurasa ulizokuwa nazo. Ikatalie, la sivyo utarudishwa kwenye onyo lilelile.

Na kanuni ya kushika: apdeti ya brauza haiji kamwe kama ukurasa wa tovuti unaokuambia upakue faili. Ukitaka kuhakikisha, bofya nukta tatu za Chrome, nenda "Help", kisha "About Google Chrome". Kama kuna apdeti ya kweli itaanza hapohapo yenyewe.

Ya Windows: ipangie saa, usiinyonge

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu malalamiko ya watu ni mawili yaliyochanganyika: bando na muda. Nayatenganisha.

*Bando.* Windows haijui kwamba intaneti yako inatoka kwenye simu na umenunua GB moja ya siku. Inaiona kama waya wa ofisini usiokwisha. Masasisho, yaani hizo apdeti, ya mwezi mmoja huweza kuwa mamia ya MB, na toleo jipya zima la Windows hufika GB kadhaa. Kwa hiyo iambie.

1. Washa hotspoti ya simu, unganisha laptopu.
2. Shika kitufe cha Windows pamoja na herufi I. Dirisha la "Settings" litafunguka.
3. Ingia "Network & internet", kisha "Wi-Fi", halafu bofya jina la mtandao uliounganishwa ili uone sifa zake.
4. Tafuta "Metered connection" na uiwashe. Kwenye Windows 10 imeandikwa "Set as metered connection".

Maana yake ni mtandao wa kulipia kwa kipimo. Kuanzia hapo Windows itaacha kujipakulia masasisho yenyewe kupitia mtandao huo, isipokuwa machache ya lazima sana. Kuna jambo moja linalowaponyoka wengi: mpangilio huu unashika kwa jina la mtandao. Ukinunua simu mpya, au ukibadilisha jina la hotspoti, kompyuta inauona kuwa mtandao mgeni na inaanza kunywa bando upya. Rudia hatua ya tatu na ya nne kila unapokuwa na hotspoti mpya. Ukiazima hotspoti ya mwenzako, ifanye hivyohivyo. Bando la mtu nalo ni mali.

Halafu, kwenye "Windows Update", ingia "Advanced options" uhakikishe kwamba "Download updates over metered connections" imezimwa. Kama imewashwa, kazi uliyofanya juu haina maana.

Palepale kwenye "Advanced options" kuna "Delivery Optimization". Hii huifanya kompyuta ichukue vipande vya masasisho kutoka kwa kompyuta nyingine, na pia iwagawie wengine vyako. Ukiwa na laptopu moja ya nyumbani, izime. Lakini kama una ofisi yenye kompyuta tano kwenye rauta moja, kama steshenari au maabara ya shule, iwashe na uchague za mtandao wako wa ndani peke yake, palipoandikwa "local network" bila kutaja intaneti. Kompyuta moja ikishapakua, nyingine huchukua kwake badala ya kila moja kwenda kuchota nje. Kwa wanaolipia data, huu ni uokoaji wa kweli, na sioni watu wakiutumia.

*Muda.* Ile arifa inayosema kompyuta iwashwe upya ina sababu: masasisho yameshapakuliwa, sehemu iliyobaki haiwezi kufanyika huku mafaili yanatumika. Ukiifunga mara mia itarudi mara mia. Dawa ni kuiambia saa zako.

Kwenye "Windows Update" (kwenye Windows 10 iko ndani ya "Update & Security"), tafuta "Active hours". Itoe kwenye kujipangia yenyewe, uweke saa kwa mkono. Unaruhusiwa hadi saa 18. Ndani ya saa hizo Windows haitajiwasha upya yenyewe. Angalia tu jambo hili, maana nimelirekebisha kwa wateja wengi: kompyuta inahesabu saa kwa kuanzia usiku wa manane, siyo kwa kuanzia alfajiri kama sisi. Saa mbili asubuhi yako ni 8 AM. Mtu akiweka 2 kwa maana ya saa mbili asubuhi, amepanga saa nane za usiku, na kompyuta inazimika mkononi mwake katikati ya kazi.

Kama una wiki ngumu mbele, mitihani, hesabu za mwisho wa mwezi, maombi ya kazi yenye tarehe ya mwisho, tumia "Pause updates". Kwenye Windows 11 unachagua kuanzia wiki moja hadi tano, kwenye Windows 10 hadi siku 35. Kimya kitakuwa cha kweli kwa muda huo. Ukifika mwisho itabidi upokee masasisho yaliyolimbikizana kabla ya kuruhusiwa kusimamisha tena, kwa hiyo usiitumie mapema bila haja.

Mwisho kwenye sehemu hii, ndani ya "Advanced options" kuna swichi ya "Notify me when a restart is required to finish updating". Ushauri wangu unaweza kukushangaza: ikiwa umepanga saa zako vizuri, iache imewashwa. Hiyo ndiyo inayokuambia mapema, ili usije ukashtukizwa umeme ukiwa unayumba na betri ina asilimia ishirini.

Na kwa habari ya umeme: apdeti ya kawaida ikikatizwa mara nyingi Windows hujirudisha yenyewe, japo kwa muda mrefu. Apdeti ya BIOS, ile programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, ni jambo jingine. Ile huandika kwenye chipu ya mamabodi, na umeme ukikatika katikati mashine inaweza isiwake tena. Ukiona arifa ya BIOS au "firmware", iahirishe hadi siku betri imejaa na chaja imechomekwa.

Tangazo la kuhamia Windows 11

Msaada wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na ndiyo sababu wenye Windows 10 wanaona matangazo ya skrini nzima kuwataka wahame. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua haziwezi kuhama rasmi. Angalia prosesa yako kwenye "Settings", "System", "About". Ukiona kwa mfano i5-7200U, ile 7 baada ya kistari ni kizazi cha saba, na kwa prosesa za Intel Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha nane, pamoja na TPM 2.0 (kifaa cha usalama cha ndani ya mashine), RAM ya GB 4 na diski ya GB 64.

Kama hutaki au huwezi, kwenye ukurasa wa "Windows Update" chini ya kitufe kikubwa cha kupakua kuna maandishi madogo: "Stay on Windows 10 for now". Bofya hayo. Kwenye tangazo la skrini nzima pia, njia ya kukataa huwekwa kwa maandishi membamba chini. Soma kila neno kabla ya kubofya. Wenye Windows 10 Pro wana njia madhubuti zaidi. Shika kitufe cha Windows na R, andika gpedit.msc, kisha fuata "Computer Configuration", "Administrative Templates", "Windows Components", "Windows Update", "Windows Update for Business". Fungua "Select the target Feature Update version", chagua "Enabled", kwenye kisanduku cha kwanza andika Windows 10 na cha pili 22H2. Mashine itabaki kwenye toleo hilo. Toleo la Home halina gpedit.

Ila kuna ujumbe mmoja ambao mwenye Windows 10 asiufunge: ule wenye "Enroll now". Huo ni wa kujiandikisha kupata masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kujiandikisha ni kwa dola 30, au bila malipo ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kupitia akaunti ya Microsoft. Kwa mtu ambaye laptopu yake haiwezi kuhama, huo ndio ulinzi uliobaki.

Yapo pia matangazo yanayovaa sura ya apdeti, kama ule ukurasa wa buluu unaodai umalizie kuiandaa kompyuta yako. Nenda "Settings", "System", "Notifications", kwenye Windows 11 shuka hadi chini kabisa, utoe tiki kwenye visanduku vyote vinavyohusu ukaribisho, mapendekezo na dondoo. Hutapoteza chochote.

Programu ndogondogo

Hapa unaweza kuzima kwa moyo mweupe, kwa kuwa nyingi huweza kusasishwa siku unapotaka wewe. Njia ya jumla: arifa ikichomoza, bofya nukta tatu kwenye kona yake, uchague kuzima arifa zote za programu hiyo. Au ingia tena "Notifications" na uzime swichi ya jina lake.

Java ina mlango wake. Fungua "Control Panel", bofya Java, ingia kwenye "Update", toa tiki kwenye "Check for Updates Automatically", kisha kubali "Do Not Check". Kabla ya hapo jiulize kama unaihitaji. Mwalimu hakuwa na programu hata moja inayotumia Java. Ilikuja na mashine kutoka kwa mwenye nayo wa kwanza. Tuliiondoa kabisa, na arifa ikaondoka nayo. Java ya zamani isiyotumika ni dirisha wazi tu.

VLC: "Tools", "Preferences", toa tiki kwenye "Activate updates notifier". Firefox: "Settings", shuka hadi "Firefox Updates", chagua ikague lakini ikuachie uamuzi wa kuweka. Chrome haina swichi ya namna hiyo, ila huweka alama kule juu kulia. Inakuwa ya kijani, kisha ya rangi ya chungwa, na ikifika wiki inakuwa nyekundu. Ukibofya ijifungue upya, kurasa zako hurudi, isipokuwa zile za dirisha la siri.

Programu za kampuni iliyotengeneza laptopu, kama HP Support Assistant au Dell SupportAssist, zizuie zisianze na kompyuta: Ctrl, Shift na Esc, ingia sehemu ya "Startup", bofya jina, "Disable".

Usizime huduma yenyewe

Wapo mafundi ambao mteja akilalamika, hufungua services.msc, orodha ya huduma ambazo Windows huziendesha chinichini, na kuua "Windows Update" moja kwa moja. Nakusihi usikubali. Kwanza haidumu, kwa sababu Windows ina huduma nyingine iitwayo "Windows Update Medic Service" ambayo kazi yake ni kuifufua. Pili inavunja vitu vingine: programu za zamani za mahesabu huhitaji .NET Framework 3.5, kifurushi cha Microsoft cha kuziendesha, na hiyo hupakuliwa kupitia Windows Update. Mteja huja kwangu na kosa la 0x80070422 akidhani programu yake ni mbovu, kumbe huduma imezimwa.

La tatu ndilo kubwa. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa sasisho la kuziba tundu ndani ya Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu hilohilo, kikafunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Hospitali za umma za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Karibu miezi miwili ilikuwa imepita dawa ikiwa tayari.

Masasisho ya usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambazo kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku. Kwa hiyo mwalimu tulimpangia Jumatano inayofuata Jumanne hiyo. Anakuja dukani baada ya vipindi, anaunganisha kwenye rauta yetu, anabofya "Check for updates", anachomeka chaja. Wakati ikipakua anachapa mitihani yake. Mashine ikiwaka upya na kurudi, anaizima kwa utaratibu, anaiweka begini, na maksi anaingiza nyumbani kwa bando lake.